Visahani vya Maabara ya Kiyovu

Benchi letu lilikuwa mtaa wa Nyamirambo, mbele ya cherehani ya Shami, tuliyemwita Waziri kwa kuwa alikuwa na jibu la kila jambo. Ilikuwa Novemba 1990, mwezi wa pili wa vita, na watu walioitwa ibyitso, yaani washirika wa adui, walikuwa bado wanakamatwa. Asubuhi moja Bayingana, mwosha vyombo wa maabara moja ya mtaa wa Kiyovu, hakwenda kazini, akaja kuketi nasi. Seli za ngozi ya binadamu zilizokuzwa huko kwenye visahani vya plastiki zilikuwa zimeacha kutengeneza protini, na mkurugenzi alikuwa ameandika kwamba kuna mhujumu.

— Umeme huo, alisema Kagabo, dereva wa lori, ambaye hapo benchini tulimwita Petroli. Unakatika kila saa. Hata mimi gizani sifanyi kazi.

— Wewe hata mchana hufanyi, sha! alijibu Waziri. Ngozi yenyewe ilitoka kwa nani?

— Mgonjwa wa Byumba, alisema Bayingana.

— Basi! Kwao iko vita. Hiyo seli iko na huzuni.

— Iko na woga, Waziri! alidakia Petroli. Kwenye kizuizi cha askari imeulizwa kitambulisho, inasema kimebaki kwa mwenye mwili!

Akacheka hadi kahawa ikammwagikia. Bayingana hakucheka.

— Ni mimi, alisema.

Petroli aliacha kujifuta kahawa.

— Visahani vile hutumika mara moja tu. Barabara ya Uganda imefungwa, vipya havikuja. Nikaona ni dhambi kutupa vyombo vizima. Nikavisugua kwa mchanga, kama sufuria za nyumbani, hadi vidole vikachubuka. Kumbe juu yake kuna utando ambao seli huushikilia. Utando ukitoka, seli haifi. Inajikunja tu, haitengenezi kitu.

— Kawaambie hivyo hivyo, nilisema.

— Mzee, siku hizi nani atasikiliza habari ya mchanga?

— Punguza sauti, alisema Waziri.

Alikuwa amechelewa. Mtu tusiyemjua, mwenye koti la kijivu, alikuwa amesimama nyuma ya cherehani. Alitusalimu vizuri, akianza na mimi kwa sababu ya mvi zangu.

— Samahani, ni nani hapa anayeosha vyombo vya maabara?

Waziri alitazama ndani ya kikombe. Petroli aliinama kufunga kamba za kiatu zilizokuwa zimefungwa. Mimi niliyajua majina yote ya Bayingana, la ubatizo na la baba yake, na sikutamka hata moja.

Yule mtu hakurudia swali. Akaanza kutazama mikono yetu.