Njia Inakujua: Safari ya Dk. Yusto Nchagwa Wangwe

Marehemu Dk. Yusto Nchagwa Wangwe alizaliwa tarehe 12 Machi 1971 jirani na Nyamongo, wilayani Tarime, mtoto wa kwanza wa mzee Wangwe na mama Waisiko. Alisoma shule ya msingi hapa kijijini, 1979 hadi 1985. Kwa kuchunga hakufaa kabisa: ng'ombe waliingia mashamba ya watu, yeye amekaa anasikiliza wazee.

Usikivu huo ulimfikisha chuo kikuu, akasomea anthropolojia. Mwaka 2006 alipata udaktari kwa utafiti wa baraka za wazee wa Tarime na Serengeti. Baba yetu mdogo, mzee Magige, ndiye aliyemfundisha maneno ambayo ukoo wetu humwambia msafiri mlangoni na marehemu kaburini: "Nenda. Njia inakujua." Alimpa sharti moja, yasisemwe pasipo na anayeondoka.

Alifunga ndoa na Robi tarehe 8 Septemba 2001.

Mwaka 2012, akiwa amechoka kuandika vitabu visivyosomwa, aliacha kufundisha chuoni na kujiunga na kampuni ya matangazo. Walimtaka kwa sababu alijua watu wa vijijini wanaamini nini. Mwaka 2018 maneno yale yakasikika redioni yakiuza pikipiki. Bodaboda wa Nyamongo waliyapenda. Sisi pia tulifurahi, tusijifanye.

Julai 2019 tulimzika baba. Mzee Magige aliposema "Nenda", vijana walimalizia kwa jina la pikipiki. Watu wakacheka. Mzee akavaa kofia yake, akakaa bila kuyamaliza.

Kaka aliacha kazi mwezi uleule, akahamia Manchira kulima. Kila mwaka alikwenda kwa mzee Magige.

"Shikamoo, baba. Naomba uyaseme tena."

"Marahaba, mwanangu. Sina kinyongo. Lakini nikifungua mdomo wanasikia pikipiki. Nitamwambia nani?"

Figo zilianza kumsumbua Februari 2024. Alilazwa hospitali ya Mugumu mara tatu, akafariki Jumanne, tarehe 3 Juni 2025. Asubuhi ya siku hiyo aliniuliza mimi, mdogo wake Bhoke ninayesoma hapa, kama mzee amekubali kumsemea maneno yale kaburini. Nilimwambia amekubali. Nilimdanganya.

Ameacha mama, mjane, watoto wawili, Mogesi na Marwa, na sisi wadogo zake wanne. Mzee Magige yupo hapa, na atakaa kimya.

Mungu ampokee kwa amani, maana sisi tumeshindwa kumsindikiza.