Fundi Musyimi na Pampu Yenye Masikio Manne

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika karakana ya umeme ya chuo chetu hapa Mutomo, Bwana Gedion Musyimi anastaafu rasmi Ijumaa, tarehe 29 Agosti 2025. Karakana itapumzika. Nasi pia tutapumzika, hasa wale waliowahi kuthubutu kumwomba bisibisi.

Alizaliwa upande wa Kiboko, na hajatuacha tusahau kwamba huko kuna kituo cha utafiti, kana kwamba alikijenga yeye. Alikuja kwetu kama kibarua wa kurekebisha kengele. Kengele ilipona, ikaanza kulia yenyewe Jumapili, na fundi akaajiriwa ili awe karibu wa kuizima. Redio ya mkuu wa chuo aliirudisha ikiimba vizuri, pamoja na kiganja cha skrubu zilizobaki. Alisema kiwanda kiliweka nyingi mno.

Lakini tutamkumbuka kwa pampu. Swichi ya pampu ya kisima ilikuwa na tabia ya kupiga watu shoti, na aliyepigwa zaidi ni Katunge, anayetunza kitalu chetu cha miche ya mukau, mti wetu wa mbao. Mtu wa kawaida angenunua swichi nyingine. Musyimi aliagiza kibamba cha duara, ukubwa wa kisosi, chenye maikrofoni nne pembezoni, ili pampu iamrishwe kwa mdomo. Alitueleza, bila kuombwa, kwamba sauti hufikia maikrofoni moja kabla ya nyingine, kwa hiyo kibamba hujua imetoka upande gani. Kitamsikiliza aliyesimama mlangoni pa kibanda cha pampu na kupuuza mbuzi, upepo na kwaya ya kanisa jirani. Ilituuma kukubali, lakini kilifanya kazi.

Kifaa cha aina hiyo lazima kiwe na jina la kuitiwa, la sivyo kitafungua maji kila watu wakipiga soga. Tulipendekeza kiitwe Kijiko. Fundi alikataa, akakipa jina la mwenyekiti wa halmashauri ya chuo, Mzee Mbaluka, aliyekuwa ametafuta fedha za kukinunua. Siku ya uzinduzi mwenyekiti alijiita mwenyewe, maji yakatoka, tukapiga makofi. Katunge pia alipiga, akitazama chini.

Kesho yake Katunge alisimama mbele ya kibamba bila kuita, na maji hayakutoka. Musyimi alikifungua, akakifunga, akabadilisha waya, akalaumu vumbi. Katunge ameolewa na mwana wa kwanza wa Mzee Mbaluka, na kwetu mke hatamki jina la baba mkwe wake. Hata mtoto wake mwenyewe, aliyepewa jina la babu huyo, Katunge humwita Baba tu. Fundi wetu, Mkamba halisi mwenye wake za wanawe watatu nyumbani kwake Kiboko, hakuliona hilo. Aliyeliona ni Mishi wa kantini, ambaye kwao ni Mombasa, na alimwuliza kwa upole kama kichwa chake nacho kina maikrofoni.

Jina la mwenyekiti hakuna aliyethubutu kulifuta, basi teknolojia ya kisasa ikaendeshwa hivi: kila asubuhi Mishi aliacha unga wa mandazi, akaenda mlangoni, akaita jina kwa niaba ya mwenzake. Tulijivunia sana maendeleo hayo. Kisha Mishi akaenda kwao kwa Idd. Katunge hakutaka kumsumbua mtu, akabeba maji kwa mitungi kutoka bwawani mpaka mgongo ukagoma, na nusu ya miche aliyoilea tangu mbegu ikakauka.

Katika mkutano wa wafanyakazi Mzee Mbaluka alitaka kujua ni uvivu gani huo, ilhali mashine ipo. Kitalu kilikuwa karibu kupewa mtu mwingine. Katunge hakuweza kujibu, kwa sababu jibu lenyewe lilikuwa jina lake mzee. Ndipo Musyimi, ambaye hajawahi kukosea tangu aajiriwe, akasimama. "Hiyo makosa ni yangu, Mzee. Mimi ndio niliharibu hiyo kitu. Huyu mama aachwe na miti yake." Alikaripiwa mbele yetu sote. Mimi niliyekaa karibu naye nilimpenda siku hiyo, na naomba asiambiwe.

(Mzee Mbaluka, kama unasoma, sasa unajua. Katunge ameruhusu tuandike, mradi jina liandikwe na mtu mwingine.)

Kutafuta jina jipya kulichukua wiki nzima. Kila lililotajwa lilikuwa la mkwe wa mtu fulani. Mwishowe tuligundua kuna mtu mmoja tu ambaye wakwe zake wote wako mbali, upande wa Kiboko. Alikataa kwa unyenyekevu kwa muda wa kama kupepesa jicho, kisha akaketi kukifundisha kibamba jina lake.

Juzi Katunge alisimama mlangoni akaita, "Musyimi, fungua maji!" Maji yakatoka. Kutoka karakana, kwa mazoea, fundi naye akaitika, "Nakuja!"

Asante, Fundi, kwa kila ulichokitengeneza na kila ulichokiharibu ukakirudia. Uzee wako uwe na ndengu za kutosha na swichi zisizopiga shoti. Jumatatu asubuhi Katunge ataita jina lako kama kawaida, na safari hii itakayoitika ni pampu peke yake.