Selpha Aloo Alihama na Watu Wake

Dada yetu alituachia onyo: wasifu wake usizidi ukurasa mmoja na nusu, na asisingiziwe kwamba alikuwa mpole. Mimi ni Frankline, mdogo wake anayemfuata, na nitajaribu kutii yote mawili. Majirani wa Seme, na nyinyi mliotoka Nyakach alfajiri, karibuni. Tunalia, ndiyo. Lakini nasema wazi mbele yenu kwamba tumepumua pia. Aliteseka, na sasa hateseki tena. Na jambo alilolihofia kuliko kifo halikutokea.

Selpha alizaliwa tarehe 14 Machi 1972 huko Pap Onditi, mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Odongo na Mama Dorsila, ambaye tuko naye hapa. Baba alitengeneza redio sokoni. Siku moja Selpha, akiwa darasa la nne, alifungua redio ya mteja, akaifunga tena, ikaongea vizuri kabisa, ila skrubu tatu zikambakia mkononi. Alizitumbukiza kwenye mtungi wa maji, tukanywa maji yake wiki nzima mpaka Mama alipoosha mtungi. Kiboko tulichapwa wote.

Alimaliza shule ya msingi mwaka 1986 na ya upili mwaka 1990. Mwaka 1992 alijiunga na chuo kimoja mjini Kisumu kusomea kompyuta. Enzi hizo kompyuta ilifunikwa kitambaa kama mkate, na ukitaka kuigusa sharti uvue viatu. Sisi nyumbani tuliamini anasomea upadri.

Tarehe 7 Desemba 1996 aliolewa na Mwalimu Joshua Okello, wakaishi Kaloleni, wakajaliwa Cliff, Sheryl na Mercyline. Mwaka 2011 walitoka kwa baba mkwe, walikokuwa na nyumba yao ya kijijini, wakaanzisha boma hili tulimosimama, goyo dala, yaani kuhamia boma lako mwenyewe, kama mila inavyotaka. Cliff alitangulia na jogoo, baba yake akafuata na shoka, na Selpha akabeba moto kutoka kwenye jiko la zamani. Moshi ulimliza njia nzima, na akakataa kupokewa.

Kazi yake yote aliifanya katika kampuni moja, Wimbi Wasambazaji, inayopeleka dawa kwenye zahanati za ufuo wa ziwa. Alianza kama mchapaji mwaka 1994, na kufikia mwaka 2008 alikuwa mkuu wa idara ya kompyuta, na mafundi watano chini yake. Walitunza mashine kubwa za kuhifadhia data, yaani seva, kwenye chumba chenye baridi ya kuuma meno. Mei 2022 mkurugenzi akatangaza kwamba kampuni inahamia kwenye klaudi. Maana yake, wataacha mashine zao na kukodi mashine za watu, zilizo mbali, wanazozifikia kwa intaneti. Akaongeza kwamba kazi hiyo itahitaji watu wawili tu, tena wapya.

Dishon Wakhisi, fundi mkongwe wa idara hiyo, alimfuata Selpha ofisini. "Mama Cliff, hii kitu imetumaliza. Mimi najua mashine yenye naweza kugusa. Hiyo ingine iko wapi?"

Selpha alienda moja kwa moja kwa mkurugenzi. "Bwana, kampuni inagoyo dala, sawa. Lakini mtu hahami akaacha moto nyuma. Hawa watano ndio wanajua kila zahanati inataka nini na lini. Niachie niwafundishe. Wakishindwa, tuondoke sote sita, mimi nikiwa wa kwanza."

Mkurugenzi alikubali shingo upande. Selpha naye akaanza kujifundisha ili apate la kuwafundisha. Alikuwa na miaka hamsini, na alifeli mtihani wa kwanza wa klaudi, akawaonyesha mafundi wake matokeo. "Mmeona? Nimeanguka na bado nakula."

Kisha Dishon nusura awaponze wote. Miaka yote alikuwa amefundishwa kwamba seva haizimwi, ikizimika ni msiba. Basi alipokodi mashine za kufanyia mazoezi aliziacha zikiwaka, tena kwa moyo safi, mwezi mzima. Bili ilipokuja, mkurugenzi alinguruma mpaka wapakiaji wa stoo wakamsikia. Selpha akasema kosa ni lake. Halafu akarudi kwa Dishon.

"Jaduong', mzee wangu, ukimwambia bodaboda akungoje nje ya lango, halafu ukalala, yeye anafanya nini?"

"Anahesabu dakika, nizilipe."

"Haya basi. Hizi ni bodaboda. Ukishuka, mlipe aende."

Wallahi, tangu siku hiyo hakuna aliyezima mashine kwa bidii kama Dishon. Jumapili ya tarehe 19 Novemba 2023 walihamisha mifumo yote, na Jumatatu zahanati zikapata dawa kama kawaida. Hata hivyo mkurugenzi hakutoa neno la mwisho. Alisema, "Hawa wanasimama kwa sababu Selpha yuko. Hebu tuone akikosekana."

Machi 2024 madaktari walimkuta Selpha na saratani ya utumbo. Kati ya matibabu alirudi kazini, amekonda, kilemba kimemzidi kichwa, ulimi haujapungua hata kidogo. Januari mwaka huu alilazwa kwa mara ya mwisho. Nilikaa naye kila siku. Hakuniuliza kuhusu mbinguni, alikuwa akiuliza, "Wamepiga?" Aliogopa kwamba siku mfumo ukisimama watamtafuta yeye, hatakuwa na nguvu ya kujibu, na watu watano warudi nyumbani mikono mitupu.

Jumatano ya tarehe 29 Januari Dishon alikuja kumwona. Akaketi, akakohoa. "Mama Cliff, jana mfumo ulisimama."

Selpha aliinuka nusu. "Jana! Na hamkunipigia?"

"Hatukuona haja. Tuliinua wenyewe, saa nane mchana ikawa sawa. Mkurugenzi alikuwa amesimama nyuma yetu. Leo asubuhi ametuita. Tumebaki wote watano."

Alimtukana kwa Kijaluo kwa kutompigia. Kisha akacheka, kisha akalia, akamshika mkono yule mzee. "Afadhali," akasema. "Ai, afadhali." Usiku huo, kwa mara ya kwanza baada ya miezi, alilala mpaka asubuhi. Alitutoka Alhamisi tarehe 6 Februari 2025, akiwa na miaka hamsini na miwili, Mwalimu Okello akiwa kando yake.

Ameacha mume wake, watoto wao watatu, mjukuu mmoja aitwaye Afnan, Mama yetu Dorsila, na sisi ndugu zake wanne. Mafundi wake watatu wamebeba jeneza leo. Wawili hawakuja, wako zamu, maana zahanati hazifungwi kwa ajili ya msiba. Mtu asiwalaumu. Wangekuja wote, angewafukuza mwenyewe.

Pumzika kwa amani, dada. Kazi inaendelea, na hatutakupigia.