Ubao Uliokataliwa Wodini

Mgongo wangu unauma. Uliuma mwaka jana, uliuma mwaka juzi, na kila mliponiuliza hapa kwenye kikao chetu cha akina mama mbona nakaa upande upande kama kuku anayetaga, niliwajibu kwamba mkeka ni mgumu. Mkeka hauna kosa. Mmeniomba nishuhudie, basi naanza kwa kuusafishia mkeka jina lake.

Kazi yangu mnaijua. Mimi ni muuguzi wa wodi ya wanawake, na nina shahada. Mama ameitundika sebuleni kwetu Mitwero, juu kidogo ya televisheni, ili mgeni anayetazama taarifa ya habari aione hata kama hakukusudia. Chuoni nilifundishwa kumhamisha mgonjwa: usimnyanyue peke yako, mtelezeshe, tumia kifaa. Mtihani wa somo hilo nilifaulu vizuri sana. Kisha nikaja kazini nikafanya kama nilivyolelewa.

Na tumelelewaje, akina mama? Nani hapa hakusifiwa utotoni kwa kutembea na ndoo kichwani bila kuishika? Ukiomba kutwishwa, shangazi anauliza, "Huyu naye ataolewa na nani?" Basi wodini nami sikutaka kutwishwa. Mgonjwa akitakiwa kutoka kitandani kwenda kwenye kiti, naingiza mikono kwapani mwake, nasema bismillahi, nanyanyua. Ndugu zake wananisifu, nesi huyu ana nguvu, nami navimba kichwa.

Asubuhi moja mama mmoja mnene, mgonjwa wa kiharusi, alianza kuteleza ukingoni mwa kitanda. Nikamdaka. Kiunoni nikasikia kitu kama nguo mpya inayochanika, na sote wawili tukashuka sakafuni taratibu, yeye juu, mimi chini. Yeye hakupata hata mchubuko. Akaniuliza, "Umeumia, mwanangu?" Nikamjibu hapana. Nilijibu hapana nikiwa chali, nusu yangu chini ya kitanda chake.

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Kwangu walikosea kiungo tu.

Nawaambia, wenzangu, kuna unyonge katika kuvishwa viatu na mama yako ukiwa na umri wangu. Nilisali nimekaa. Nikipiga chafya, nalia. Daktari alinikataza kunyanyua mgonjwa kwa mikono, na niliporudi kazini matroni alinipeleka chumba cha kuhifadhia mashuka. Si kazi mbaya. Mashuka hayana malalamiko. Lakini pia hayapati nafuu, na mimi nilisomea kuona watu wakipata nafuu. Siku moja nilijikuta nalilia foronya.

Ndipo dada mmoja wa mazoezi ya viungo alipokuja kuchukua shuka, akanikuta katika hali hiyo. Hakunipa pole. Aliniambia, "Dada, mgongo wako umeshindwa kazi ambayo haikuwa yake." Akaenda kwa matroni, wakakubaliana. Seremala akatengeneza ubao mrefu wa plaiwudi, ukapigwa msasa mpaka ukawa laini kama sahani, ukapakwa rangi nyeupe. Tukapata na shuka la nailoni la kutelezea. Mgonjwa unamgeuza ubavu, unasukuma ubao na shuka chini yake, unamrudisha, halafu watu wawili mnamvuta kutoka kitanda hadi kitanda. Hanyanyuliwi na mtu. Matroni akaniwekea sharti: ndugu za wagonjwa wakiukubali ubao, narudi wodini. Wakiukataa, unakwenda stoo ya mashuka, nami pamoja nao.

Siku ya kwanza tuliuleta kwa bibi mmoja wa Songo Mnara aliyevunjika nyonga. Tuliubeba watu wawili, mmoja mbele, mwingine nyuma, kimya kimya, katikati ya wodi.

Naona mmeshaelewa. Mimi sikuelewa.

Binti yake alisimama. "Mama yangu bado anapumua. Ubao huo mnampelekea nani?"

Mama wa kitanda cha jirani akavuta khanga kichwani. Nami, Mwislamu wa hapa hapa, niliyemwosha bibi yangu mzaa mama alipofariki, juu ya ubao kama ule ule, nilikuwa nimeona kifaa tu, jinsi kilivyochorwa kitabuni. Binti akaenda moja kwa moja kwa matroni, akasema tunawatabiria watu kifo, na kwamba hataishia hapo. Matroni akaamuru ubao uwekwe kando mpaka atakapoamua.

Jioni nilikwenda kumwomba bibi radhi. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba bila kunitazama. Nikamweleza yote, mpaka kwamba kiuno kiliniumia kwa kuona haya kuomba msaada, kitu ambacho hata mama yangu sikuwahi kumkiria.

Akafikiri. "Waliponibeba kwa mikono nilipiga kelele mpaka nikaona haya. Ubao huo unauma?"

"Kidogo sana, bibi."

"Basi ulete. Maiti haulizi, mimi nauliza."

Binti akaanza kusema, "Lakini mama," na mama akamwambia ashike shuka upande wa miguuni, maana mikono anayo. Nikaomba ruhusa kwa matroni, nikaulizwa mara mbili kama bibi mwenyewe ndiye aliyesema. Safari hii niliubeba peke yangu, kwapani, kama mtu anayehamisha mlango. Tukamvuta. Bibi alikuwa amekaza meno akisubiri maumivu, kisha akafumbua macho akiwa tayari kwenye kitanda cha pili. "Ndiyo imekwisha?" Ndiyo ilikuwa imekwisha. Siku waliyoruhusiwa binti aliondoka bila kuniaga, na malalamiko yake yakabaki mezani kwa matroni. Sisi tukaupaka ubao rangi ya chungwa, tukangoja uamuzi wa matroni.

Namshukuru dada wa viungo, aliyeninyima pole akanipa dawa. Namshukuru matroni kwa kutokuwa na haraka, na mama yangu kwa viatu. Na ninyi mnaoinua magunia ya korosho, madumu, wazee wenu majumbani, nawaomba neno moja: kifaa hakikupunguzii uanamke. Sukuma, teleza, viringisha, ita mwenzako. Na ukileta kitu kigeni mbele ya watu, kwanza kitazame kwa macho yao.

Nimalizie na Alhamisi iliyopita. Nilikuwa ofisini kwa matroni na mashuka yangu, simu ikalia, namba nisiyoijua. "Nesi, ni mimi, binti wa yule bibi wa Songo Mnara." Nikajiandaa kutukanwa. Nikaiweka simu kwenye spika, ili nisitukanwe peke yangu.

"Mama anauliza ule ubao urefu wake ukoje. Seremala yuko hapa, ananisubiri."

Matroni akanyoosha mkono, akaichukua simu, akamtajia vipimo polepole, urefu, upana na unene. Mwishoni akamwambia, "Ila usiupake nyeupe, mwanangu."

Akanirudishia simu, akayasogeza mashuka yangu pembeni ya meza, akaniambia zamu yangu ya wodini inaanza Jumatatu.