Mkwe wa Kubeba Valizi

Jumamosi, tarehe 9 Mei 2015, manyunyu yalianguka Louisville tangu alfajiri. Ndani ya basi la kutoka Beechmont, Mzee Cubaka alimkanya Séphora, binti wa kaka yake, aliyeposwa na Wilmer, Mvenezuela mcheza besiboli.

"Timu ya Buffalo walimuacha, ya Columbus walimuacha, na jana ya hapa pia. Bon, mukwe gani huyu wa kubeba valizi na kuhama kila mwaka?"

"Baba mudogo, na sisi? Bukavu, kambi ya wakimbizi, halafu huku. Mungu alituacha?"

Akina mama Wakongo waliokaa nyuma wakacheka. Cubaka aliomba kimoyomoyo apewe mstari wa Biblia wa kumjibu.

Basi likasimama. Séphora akainuka. "Bamama, muko mashahidi: apate timu, akose timu, mimi nitaolewa na Wilmer."