Maharagi Hayataingia Mwangu

Mungu ametuamsha tena, wamama na wapapa, tumushukuru. Muniache niseme nikitembeatembea hapa mbele. Nikikaa kwenye kiti nitaogopa, na nikiogopa nitawaambia nusu. Mutu sitamutaja jina. Aibu yote ya leo ni ya kwangu.

Wengi humu kanisani tulitoka Kongo, tukapita kambini. Munaijua kambi. Maharagi muchana, maharagi jioni, mengine yametobolewa na wadudu, unayachemsha mpaka kuni zinaisha na bado ni magumu. Miaka sita. Siku tulipopata chumba hapa mujini, Bwiza, hata godoro lilikuwa halijaingia, nilisimama mulangoni nikamuambia bwana yangu: "Maharagi hayataingia mwangu." Akacheka, akasema amina. Mi nilikuwa sichezi.

Ndugu zangu, nawaambia, nilijiona tajiri. Asubuhi mukate na chai kali ya sukari, muchana muchele mweupe, jioni muchele tena. Na huo muchele nauosha mara nne, mara tano, mpaka maji yanakuwa safi kama ya bomba. Kisha nauchemsha kwa maji mengi, yanayobaki namwaga, ili punje zisishikane. Mboga ya lengalenga niliacha, ndagala, vile visamaki vikavu, niliacha, vyote niliviita chakula cha wakimbizi. Jirani yangu akileta sahani ya maharagi nashukuru sana, nafunga mulango, halafu nawapa kuku wa mwenye nyumba. Huyo jirani yuko humu leo. Ndiyo, dada, ni kuku waliyakula.

Nikapata mimba. Kabla sijazaa, miguu ikaanza kuwaka, kama nimekanyaga majivu ya moto. Siwezi kukaa, siwezi kulala, nazunguka chumba. Kwenye kwaya mulidhani nina haraka ya kurudi nyumbani. Vidole vikafa ganzi, nikawa naangusha vikombe. Nikasema ni uzazi. Wengine wakasema kuna mutu ananiroga. Nikaombewa, nikakandwa na maji ya chumvi, na nikirudi nyumbani napika muchele.

Binti yetu alipofika miezi mitatu akaanza kukataa ziwa. Anatapika, anapumua mbiombio. Nilisema ni kikohozi, kitapita. Kisha siku moja muchana, nilikuwa naanika nguo, nikageuka, nikaona amefungua kinywa, uso umekunjamana, machozi yanashuka, na hakuna sauti. Wamama, mutoto analia na wewe husikii kitu! Nilidhani masikio yangu ndiyo yamekufa. Nikamuita kwa nguvu, nikajisikia mwenyewe. Niliogopa woga ambao hata vita havikunipa.

Tulimubeba mi na bwana yangu mpaka kituo cha afya. Miguu ilinikatalia, nikaanguka mara mbili njiani. Muuguzi, mama mutu muzima, alisikiliza kifua cha mutoto, akasema moyo unakimbia sana. Nikamuambia miguu inawaka; akagonga magoti yangu, hayakushtuka. Ndipo akaniuliza tunakula nini nyumbani. Hapa nataka munisikilize vizuri, kwa maana nilimudanganya. Nilisema tunakula kila kitu, nyama, samaki, mboga. Mutoto yuko mikononi anatafuta pumzi, na mi nalinda heshima yangu. Sikutaka anione maskini.

Yule mama hakubishana na mi. Akamugeukia bwana yangu.

"Papa, jana mulikula nini?"

"Muchele."

"Na juzi?"

"Muchele."

"Na we, miguu haikuwakii?"

Bwana yangu akaangalia chini. "Apana. Mi nakula maharagi kule ku kazi, ku garaji, Buyenzi. Kila siku saa sita. Niliogopa kukuambia, mama wa mutoto."

Munamusikia? Miaka miwili anashiba maharagi ya watu, anapangusa mudomo, anarudi kwangu anakula muchele kidogo na kusema ametosheka! Hasira ilinipanda nikataka kumurukia palepale. Halafu nikamuangalia: yeye amesimama muzima, mi natetemeka, na mutoto hana sauti. Hasira ikakosa pa kwenda. Nikamuambia muuguzi yote, kiapo, kuosha, hata kuku.

Akasema hiyo inaonekana ni vitamini B1, imeniishia. Mwili hauiweki akiba ya siku nyingi. Iko kwenye maharagi, kwenye karanga, kwenye nafaka ambayo haikukobolewa sana. Muchele mweupe unayo kidogo, na hicho kidogo mi nilikuwa nakimwaga pamoja na maji. Maziwa yangu yalikuwa mengi, lakini hayakuwa nayo. Nililia sana kusikia hivyo.

Alimupiga mutoto sindano, na mi pia, tukalazwa palepale. Jioni ileile pumzi yake ikatulia. Sauti ilichelewa. Siku ya nne akalia, sauti ya kukwaruza, wagonjwa wengine wakaniomba nimunyamazishe. Nikawaambia apana, mumuache alie. Miguu yangu ilichukua miezi, na vidole viwili bado havijarudi vizuri.

Namushukuru Mungu, na yule muuguzi aliyejua kuuliza. Namushukuru bwana yangu, mulaji wa siri. Na wewe dada, jirani yangu, unisamehe mbele ya hawa wote. Wamama, mutu wa afya akikuuliza umekula nini, usimutajie sahani unayoitamani. Mutajie ile uliyokula.

Na musidhani nimeyapenda. Nikisikia harufu ya maharagi narudi kambini, siku nyingine nayala machozi yakinitoka. Lakini nayala, kijiko kwa kijiko, sahani nzima. Nikimaliza napangusa uso, namuchukua binti yangu, namupa ziwa.