Jeni Ngeni Katika Mahindi ya Eufrosina

Kwenye basi dogo la kwenda mji wa Oaxaca, Meksiko, Mama Eufrosina alikumbatia mfuko wa mahindi mekundu aliyokuwa akiyapeleka maabara kupimwa kama yameingiwa na jeni ya kupandikizwa. Abiria wa pembeni yake, kijana wa maabara, alimweleza kuwa jeni ni agizo dogo ndani ya mbegu. Mama akashangaa: "Sasa hiyo ya kupandikizwa itaingiaje kwangu? Sijawahi kununua mbegu!" "Chavua, ile poda ya maua, inapeperushwa na upepo, mama. Shamba la jirani lenye mbegu hizo linatosha." "Basi mkiiona, itoeni." "Kuiona tutaiona. Kuitoa hatuwezi."

Mimi, abiria wa kiti cha nyuma yao, nilisahau tamale, andazi langu la mahindi, mkononi.

"Mbegu hii aliniachia marehemu mama. Niichome?" Mama Eufrosina akauliza.

Basi likasimama mbele ya maabara. Kijana akashuka, akamnyooshea mkono amsaidie kushuka. Mama Eufrosina hakuinuka. Alimwuliza dereva basi linarudi kijijini saa ngapi.